Dragon's Dogma 2: Kwa nini wanaoilalamikia ndio hao hao hawaiachi?

Dragon's Dogma 2 ilitoka Ijumaa, Machi 22, 2024. Wikiendi hiyo, ndani ya Steam peke yake, zaidi ya watu 220,000 walikuwa wanaicheza kwa wakati mmoja. Wakati huo, kati ya gemu zote za Capcom kwenye jukwaa hilo, ni Monster Hunter: World na Monster Hunter Rise tu ndizo zilikuwa zimewahi kupita hapo.

Sasa shuka chini kwenye maoni. Siku ya kwanza waliosema gemu ni nzuri hawakufika asilimia 40. Wengine wote waliweka dole gumba chini.

Usidhani hizi ni kambi mbili. Ukisoma taratibu utakutana na mtu anayeiponda gemu aya nzima, halafu mwishoni anaaga kwa sababu anataka kurudi kuicheza. Ndiyo maana tumekaa kuifafanua: wanalalamika nini hasa, kipi ni kweli, kipi ni hasira tu, na kama una hela yako mfukoni ufanye nini.

Kwanza, ni gemu gani hii?

Ni gemu ya kuvaa uhusika. Joka linakuja, linakunyofoa moyo na kuondoka nao, na wewe unabaki hai ili ulifuate. Toleo la kwanza lilitoka 2012 kwenye PlayStation 3 na Xbox 360. Halikuvunja rekodi, lakini lilipata mashabiki wagumu ambao wamesubiri mwendelezo kwa takriban miaka 12. Mwongozaji ni yule yule, Hideaki Itsuno.

Safari hii ipo kwenye PS5, Xbox Series X na S, na kompyuta. Mwenye PS4, pole, haikuhusu.

Wakosoaji waliopewa gemu mapema waliisifu sana. Kwa hiyo watu waliamka Ijumaa wakisubiri sherehe, wakakuta duka.

Duka lililowasha moto

Ilipotoka, gemu iliuzwa dola 70. Siku ilipotoka, pembeni yake kwenye Steam kulikuwa na orodha ya vitu 21 vya kulipia kando. Jiwe la kumfufua mtu, senti 99. Funguo ya kutorokea jela, senti 99. Kitabu cha kubadilisha sura ya mhusika wako, dola 1.99. Alama ya kusafiria haraka, dola 2.99.

Hapo ndipo mtandao ulipolipuka. Maneno yaliyosambaa ni kwamba Capcom wamefungia usafiri wa haraka nyuma ya pesa, na kwamba ukikosea pua ya mhusika wako lazima ulipe.

Ukweli uko katikati. Vitu hivyo vyote vinapatikana ndani ya gemu bila kulipa hata senti. Mawe ya kufufua unayaokota vipande vipande, vitatu vinatengeneza moja. Kitabu cha sura unakinunua kwa sarafu za humo humo. Na ile alama ya dola 2.99 haikusafirishi popote yenyewe: ni kituo unachokiweka chini, halafu bado unahitaji jiwe jingine la safari kila unapotaka kurudi hapo. Jiwe hilo haliuzwi kwa pesa halisi.

Kwa maneno mengine, mtu anayelipa hanunui ushindi. Ananunua kitu ambacho angekipata jioni hiyo hiyo kama angeendelea kucheza.

Lakini mimi naona hasira ina msingi wake. Itsuno alishasema kabla gemu haijatoka kwamba safari ikichosha, kosa ni la gemu kuchosha, na hivyo ameibana safari ya haraka makusudi ili utembee. Ni wazo zuri kabisa. Sasa unamwambia mchezaji ugumu huu ni sanaa, halafu mlangoni unamuuzia njia ya kuupunguza? Hata kama ni alama moja tu, picha inakuwa mbaya. Na Septemba 2023 rais wa Capcom, Haruhiro Tsujimoto, alikuwa ameshasema bei za gemu ni ndogo mno ukilinganisha na gharama za kuzitengeneza. Watu hawajasahau.

Mjini gemu inapumua kwa shida

Tatizo la pili ni la kiufundi na, kwa maoni yangu, ndilo zito zaidi.

Ukiwa porini mambo ni mazuri. Lakini gemu ilipotoka, ukiingia mji mkuu wa Vermund picha ilikuwa inaanza kukatakata. Hata mwenye kompyuta ya bei mbaya aliona. Kwenye PS5 na Xbox Series X gemu ilikuwa inazunguka kwenye fremu 30 kwa sekunde, na mjini ilishuka chini ya hapo.

Sababu imeelezwa na Capcom wenyewe. Kila mtu unayemwona mtaani, muuza samaki, askari, mtoto anayekimbia, prosesa inamfanyia hesabu zake: yuko wapi, anagusana na nini, anafanya nini. Wakijaa sokoni, prosesa inazidiwa. Ndiyo maana kushusha ubora wa picha hakusaidii sana. Mzigo hauko kwenye kadi ya picha.

Wachezaji, kama kawaida yao, wakatafuta dawa ya kienyeji. Kuna waliogundua kwamba ukiwaua raia mjini, gemu inakuwa nyepesi. Sitanii. Bila shaka askari watakukamata na kukutupa ndani, na hapo ndipo unaikumbuka ile funguo ya senti 99.

Siku ile ile ya kutoka, Capcom waliomba radhi kupitia Steam na kusema wanashughulikia gemu kujifunga ghafla na hitilafu nyingine, na kwamba wanatafuta namna ya kuboresha kasi. Tarehe hawakutaja.

Ukianza umeanza

Kitu cha tatu kimewaudhi watu kimya kimya: kuna nafasi moja tu ya kusevu. Na gemu ilipotoka, kwenye kompyuta menyu haikuwa hata na sehemu ya kuanza upya. Umetengeneza mhusika, ukacheza saa tatu, ukaona hapana, nataka kuanza na sura nyingine? Ilibidi uzime usevuji wa mtandaoni wa Steam, uingie kwenye mafaili na ufute mwenyewe. Capcom walisema wakati huo kwamba wanafikiria kuiweka sehemu hiyo.

Nafasi moja si bahati mbaya. Gemu inataka ukifanya uamuzi ubebe matokeo yake. Ila kumnyima mtu kitufe cha kuanza upya siyo falsafa, ni usumbufu tu.

Sasa kinachowashikilia ni nini?

Ni yale yanayotokea njiani bila kupangwa.

Mfano mdogo. Umepanda mkokoteni wa ng'ombe kwenda mji wa pili, umesinzia. Unaamshwa na kelele, majambazi wamewavamia. Mnapigana. Katikati ya vita anashuka dude lenye kichwa cha tai na mwili wa simba. Mkokoteni unavunjika vipande. Wewe unaamua kumrukia mgongoni ili umchome, naye anaruka na wewe mpaka mlima usioujua, na jua linazama. Usiku wa gemu hii ni giza la kweli, taa yako ndogo inamulika hatua chache tu. Hakuna aliyeandika kwamba jioni yako itaisha hivyo. Mwenzako aliyepita barabara hiyo hiyo hakukutana na chochote.

Halafu kuna Pawn. Hawa ni wasaidizi wako: mmoja unamtengeneza mwenyewe, wengine wawili unawaazima kutoka kwa wachezaji wengine. Ukiwa umelala, Pawn wako anaweza kuwa kazini kwenye gemu ya mtu wa nchi nyingine kabisa. Akirudi anarudi na ujuzi. Mnafika kwenye pango usilolijua, anakwambia hapa nimeshapita na bwana mwingine, sanduku liko kule. Ni namna ya kucheza na watu bila kuongea na mtu hata mmoja, na ukiwahi kutukanwa na mtoto wa miaka 12 kwenye gemu ya mpira mtandaoni, utaelewa utamu wake.

Kazi za kuchagua ziko 10, kuanzia mpiga upinde na mwizi hadi mmoja anayepigana kwa mazingaombwe peke yake. Mwizi amesifiwa sana. Huyo wa mazingaombwe amewagawa watu.

Ugonjwa ambao hupaswi kuupuuza

Hapa kuna siri ndogo ya gemu, ila naitoa kwa sababu imeshawaharibia watu safari nzima.

Pawn wanaweza kuambukizwa tauni ya joka. Dalili zipo: anakaidi amri, anashika kichwa kama kinamuuma, macho yanang'aa mekundu. Gemu inakupa onyo mapema, lakini ni ujumbe mmoja ambao ni rahisi kuupita. Ukipuuza, kuna usiku utalala nyumba ya wageni, na Pawn wako atageuka joka na kuua karibu kila mtu wa mji ule. Wauza duka, waliokupa kazi, wote.

Na kwa kuwa kulala nyumba ya wageni kunasevu gemu, huwezi kurudi nyuma. Wale waliokufa unaweza kuwafufua kwa mawe, mmoja mmoja, kama bado wako mochwari.

Kwa hiyo kabla ya kulala, mtazame Pawn wako machoni. Uliyemwazima, mwachie aende zake. Wako mwenyewe, wachezaji wengi wanasema dawa ni kumtupa kwenye maji ya kina au jabalini afe, kisha umwite tena. Kikatili, ila ndiyo hali.

Mfuko wako

Gemu ilipotoka mwaka 2024, dola 70 zilikuwa kama shilingi 178,000 za Tanzania, au zaidi ya 9,000 za Kenya. Kwenye kompyuta inataka GB 100 za nafasi na RAM ya GB 16 kwa uchache. Kama unategemea bando la simu, piga hesabu ya kuipakua kabla hujapiga hesabu ya kuinunua.

Kama una PS5, huchukii fremu 30 na unapenda kutembea bila kuelekezwa kila hatua, ingia tu. Kama unatumia kompyuta ya kawaida, ningekaa pembeni nisubiri apdeti mbili tatu. Na kama huwezi kusubiri, kumbuka Steam wanarudisha pesa ikiwa hujapita siku 14 tangu ununue na hujacheza zaidi ya saa mbili. Angalizo moja: muda unaotumia kuchonga sura ya mhusika wako nao unahesabiwa, na chombo hicho ni kizuri kiasi cha kumeza saa nzima. Capcom wameweka bure programu ya kutengeneza wahusika peke yake, kwa hiyo malizana na pua na nyusi huko. Kisha ukinunua, kimbia moja kwa moja hadi mji mkuu uone kompyuta yako inasemaje kabla saa mbili hazijaisha.