Waliombeba Livingstone Hawamo Jiweni

Msomaji, ukibahatika siku moja kuzuru London, ingia katika kanisa la Westminster Abbey, ambalo jengo lake la sasa lilianza kujengwa mwaka wa 1245. Tembea hadi katikati ya ukumbi wake mrefu, kisha uangalie chini. Hapo sakafuni, chini ya bamba la jiwe, amelala David Livingstone, yule yule tuliyekaririshwa shuleni.

Ukingoni mwa jiwe hilo kuna maneno ya Kilatini. Ni ya mshairi Mroma, Lucan, aliyeyatia kinywani mwa Julius Caesar, na yanasimulia kiu ya kutaka kujua mto Nile unakoanzia. Maskini Livingstone! Kiu hiyo haikukatika. Mto Lualaba, aliodhani huenda ndio Nile, humwaga maji yake katika mto Kongo.

Lakini soma pia maneno makubwa ya katikati, yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Yanasema kwamba aliletwa na mikono ya waaminifu, nchi kavu na baharini. Kijiji cha Chitambo alikofia, katika Zambia ya leo, kimetajwa. Je, mikono hiyo ilikuwa ya nani? Jiwe halisemi.

Basi nikutajie mimi. Livingstone alipofariki mwezi wa Mei 1873, Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakafunga safari ya miguu ya miezi tisa hivi hadi Bagamoyo. Huko Unyanyembe, karibu na Tabora, afisa Mwingereza aitwaye Cameron aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa katakata. Mbele zaidi, wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Wakafunga mzigo wa bandia wa vijiti, wakajifanya wanairudisha maiti Unyanyembe ikazikwe. Kumbe mwili wenyewe umeviringishwa kama robota la nguo, unasonga pwani! Mmoja wa wasafiri hao, Matthew Wellington, aliishi Mombasa hadi alipofariki mwaka wa 1935.

Siku ya mazishi, tarehe 18 Aprili 1874, kati yao wote ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwamo kanisani, akisindikiza jeneza pamoja na akina Stanley. Chuma na Susi walifika Uingereza mazishi yamekwisha.

Na ni Wainwright huyo aliyechonga maandishi kwenye ule mti wa Chitambo. Aliandika jina la marehemu, kisha akaongeza majina ya baadhi ya wenzake.