Biashara na Viza Pasipo Ubalozi: Njia ya Taiwan

Uhusiano wa kidiplomasia ni hali ya serikali mbili kutambuana rasmi na kupelekeana mabalozi, na unapovunjika, meli za mizigo haziachi kutia nanga wala wasafiri hawaachi kusafiri. Kinachokosekana ni mamlaka halali ya kugonga muhuri. Taiwan imeishi na pengo hilo kwa zaidi ya nusu karne.

Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kwa kura 76 dhidi ya 35, liliipa serikali ya Beijing kiti cha China kilichokuwa kikikaliwa na serikali ya Taipei, na Tanzania, iliyowakilishwa na Salim Ahmed Salim, ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoupigania uamuzi huo. Mwaka uliofuata Japani ilihamishia utambuzi wake Beijing, na Marekani ikafanya hivyo tarehe 1 Januari 1979.

Hata hivyo, Bunge la Marekani lilitunga mwaka huohuo Sheria ya Uhusiano na Taiwan, ambayo ilikabidhi shughuli za ubalozi, zikiwemo viza, kwa taasisi ambayo kisheria ni shirika binafsi lisilotafuta faida, ingawa hufanya kazi kwa mkataba na Wizara ya Mambo ya Nje. Kwa miaka mingi maofisa waliopelekwa huko walijitoa kwanza katika utumishi wa serikali, kisha wakarejeshewa nafasi na haki zao za pensheni waliporudi. Lililo kubwa zaidi, japo halitajwi sana, ni kifungu kinachosema kwamba popote sheria za Marekani zinapotaja nchi za kigeni, Taiwan nayo imo. Bila maneno hayo machache, kila kanuni ya forodha au ya uhamiaji ingehitaji kuandikwa upya. Ndiyo maana tangu Novemba 2012 raia wa Taiwan wameweza kuzuru Marekani kwa hadi siku 90 bila viza.

Katika biashara ya dunia ilitumika njia nyingine. Shirika la Biashara Duniani halidai kwamba mwanachama wake awe dola, bali awe na mamlaka kamili juu ya ushuru na biashara yake ya nje, na kwa msingi huo Taiwan ilijiunga tarehe 1 Januari 2002 kama eneo la forodha linalojitegemea.

Mipango hii ni ya busara, lakini hutegemea hisani ya mwenyeji. Afrika Kusini, iliyovunja uhusiano na Taipei tangu mwanzo wa 1998, iliitaka ofisi ya uwakilishi ya Taiwan mwaka 2024 iondoke Pretoria, na ofisi isiyo ubalozi haina kinga ambayo Mkataba wa Vienna wa 1961 huwapa mabalozi.

Mzigo mzito zaidi humwangukia mtu mmoja mmoja. Aprili 2016 Kenya, inayoitambua Beijing, iliwapeleka China bara zaidi ya raia 40 wa Taiwan waliohusishwa na tuhuma za ulaghai wa simu, wakiwemo waliokwisha kuachiwa huru na mahakama ya Nairobi. Msafiri wa nchi inayotambuliwa anapokamatwa, afisa wa ubalozi wake ana haki kisheria ya kumtembelea na kumtafutia wakili. Hao hawakuwa na afisa ambaye Kenya iliwajibika kumsikiliza.