BUNDUKI YA KULINDIA SHAMBA
Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

MWALIMU: Wanafunzi mlioko darasani, fungueni madaftari yenu. Somo letu la leo ni la bunduki. Hatusemi juu ya bunduki ya askari, bali ya mkulima. Ni bunduki gani imfaayo mtu wa Ngorongo au Kibiti, ambaye mpunga wake na mahindi yake ya mlau huliwa na nguruwe mwitu usiku? Nipo hapa pamoja na mzee mmoja, mkulima wa bonde la Rufiji. Yeye atauliza kwa niaba yenu.

MKULIMA: Ahsante, Mwalimu. Swali langu ni fupi. Bunduki yenye nguvu kuliko zote ni ipi? Maana nguruwe wananimaliza.

MWALIMU: Mzee wangu, bunduki haichaguliwi kwa nguvu peke yake. Kwanza jiulize maswali matatu. Wanafunzi, yaandikeni. La kwanza: Mnyama ana ukubwa gani? La pili: Yuko umbali gani? La tatu: Nyuma yake kuna nini?

Tuanze na ukubwa. Huko Marekani yuko mnyama aitwaye coyote, wa jamaa moja na bweha wetu. Uzito wake kwa kawaida ni kati ya kilo 9 na 20. Wafugaji wengi humpiga kwa risasi ndogo iendayo mbio sana, kama ile iitwayo .223 Remington. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa gramu 3 na nusu hivi. Coyote huonekana mchana kwenye uwanda, pengine umbali wa mita 200, na kwa hiyo bunduki hufungwa darubini juu yake. Kwa mnyama yule na nchi ile, bunduki hiyo inafaa.

Lakini nguruwe mwitu wetu ana uzito wa kilo 50 hadi 100 na zaidi. Ngozi yake ni nene na mifupa ya bega lake ni migumu. Risasi nyepesi iliyotengenezwa kwa mnyama mdogo huweza kupasuka kabla haijafika moyoni. Nguruwe hukimbia na jeraha, akaingia kichakani, na asubuhi mtu anayemfuata hukutana na meno yake.

MKULIMA: Basi nitafute ile kubwa ya kuulia nyati.

MWALIMU: Ngoja kidogo, mzee. Bunduki ya .375 Holland & Holland ilianza kuuzwa mwaka 1912, na wawindaji wa tembo na nyati wanaiamini hata leo. Risasi yake ina uzito wa gramu 19 hivi, na nguruwe hawezi kusimama mbele yake. Lakini sasa tujibu swali la pili na la tatu. Wewe ukiwa juu ya dungu lako, nguruwe humwona umbali gani?

MKULIMA: Hatua ishirini. Thelathini, kama mbalamwezi ni nzuri.

MWALIMU: Na nyuma yake kuna nini?

MKULIMA: Shamba la jirani.

MWALIMU: Na jirani yuko wapi?

MKULIMA: Yuko juu ya dungu lake, analinda kama mimi.

MWALIMU: Jibu umelitoa mwenyewe. Risasi ile kubwa ikimkosa nguruwe huendelea na safari yake kilometa kadhaa. Hata risasi ndogo ya .22, ambayo watu huiona kama ya mchezo, huweza kufika zaidi ya kilometa 1. Ukuta wa dungu ni matete na miti, hauzuii risasi.

Kwa hiyo, kwa shamba la bondeni, bunduki ifaayo zaidi ni ile ya marisau, namba 12. Pengine mmejiuliza namba 12 maana yake nini. Ukitengeneza gololi za risasi zenye upana sawasawa na tundu la mtutu, gololi 12 zitakuwa na uzito wa ratili moja. Ndiyo sababu namba 16 ni nyembamba kuliko namba 12.

Basi, hata ukiwa na bunduki hiyo, lazima uchague risasi yake. Risasi ya kupigia ndege ina marisau madogo zaidi ya 200. Hayo humwumiza nguruwe tu, hayamwui. Chagua ya marisau makubwa. Ganda moja la kawaida huwa nayo 9, kila moja upana wa milimita 8 na kidogo. Lakini hutawanyika upesi. Mwisho wake wa kufaa ni mita 30 hivi. Kupita hapo, usipige. Na marisau nayo huua mtu, kwa hiyo jirani aliye mbele yako ni sababu ya kutopiga kabisa.

MKULIMA: Na gobore?

MWALIMU: Gobore hushindiliwa baruti nyeusi kwa mdomo. Hupiga mara moja tu, na kulijaza tena gizani ni kazi ndefu. Mtu akitia baruti ya risasi za kisasa badala ya baruti nyeusi, mtutu huweza kupasuka mbele ya uso wake.

MKULIMA: Mwalimu, kwani nguruwe hawezi kuachwa ale kidogo?

MWALIMU: Shida si mpunga tu. Nguruwe huvuta simba. Kati ya mwaka 2002 na 2004, hapa Rufiji, watu wapatao 35 waliuawa na simba. Simba mmoja aliyeuawa Aprili 2004 alikutwa na jino bovu lenye jipu. Na uchunguzi ulioongozwa na Craig Packer, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 katika Tanzania. Mashambulio yalizidi wakati wa mavuno, watu walipolala mashambani kuwalinda nguruwe wasile mazao. Na penye nguruwe wengi, simba nao walifika. Kwa hiyo, usiku usishuke dunguni kumfuata nguruwe uliyemjeruhi. Ngoja kuche, mwende watu kadhaa.

Mwisho, sheria. Bunduki bila leseni ya Polisi ni kosa. Maombi yaanzie ofisi ya serikali ya kijiji. Na kuwa na leseni ya bunduki si ruhusa ya kuwinda. Kabla ya kupiga mnyama, na hasa usiku kwa tochi, mwulizeni afisa wanyamapori. Mkiua mnyama kwa kulinda mali au roho, toeni habari kwake.

MKULIMA: Nimeelewa. Nilikuja kutafuta bunduki ya kufika mbali. Kumbe inayonifaa ni ile isiyofika kwa jirani.

MWALIMU: Andikeni maneno hayo ya mzee madaftarini mwenu. Kwaherini.

MASWALI YA DARASANI
1. Taja maswali matatu ya kujiuliza kabla ya kuchagua bunduki.
2. Kwa nini bunduki ya coyote haifai kwa nguruwe mwitu?
3. Marisau makubwa yanafaa mpaka mita ngapi?
4. Pimeni kwa hatua: kutoka dungu lako hadi la jirani ni mita ngapi?