Barua ya Leseni Isiyokuhusu

Mama mdogo wangu alifika Uingereza kupitia kambi ya wakimbizi ya Gasorwe, kule Muyinga, Burundi, ambako karatasi ya ofisi ilitunzwa kuliko nguo. Ndiyo maana barua ya leseni ya televisheni ilimnyima usingizi. Haikuwa na jina lake, ila "mkaaji halali" wa nyumba hiyo, na ilimwonya kuhusu uchunguzi.

"Mwanangu, watanifunga?" aliniuliza.

Nikamwambia hapana, unachotazama YouTube ni video za zamani za kwaya, nazo hazidai leseni. Kuwa na televisheni ukutani si kosa. Leseni, iliyopanda hadi pauni 174.50 Aprili 2025, inatakiwa ukitazama au kurekodi kipindi cha televisheni kinaporushwa, chaneli yoyote, hata kwa simu, au ukitumia BBC iPlayer. Hapo usicheze: faini hufika pauni 1,000. Netflix ya kujichagulia filamu haimo, lakini mechi inayorushwa mubashara imo.

Kama huhitaji leseni, unaweza kuwajulisha hivyo waliotuma barua kwenye tovuti yao. Barua husimama kwa muda, kisha utaulizwa tena. Afisa akibisha hodi, hana ruhusa ya kuingia bila idhini yako au hati ya mahakama. Unaweza kumkatalia kwa adabu na kufunga mlango.

Ndugu zangu, msilipe kwa woga. Mpeni kijana anayesoma Kiingereza aisome barua yote kwanza.