Zabibu za Hombolo na Jamaa Zake wa Italia

Barabara kuu inayotoka Nairobi, ikakata katikati ya Kitengela, ikapita Isinya na Kajiado na kushuka hadi mpakani Namanga, haikomi Arusha kama wengi wetu tunavyodhani, bali hufululiza kusini kwa njia ya Babati na Kondoa mpaka Dodoma. Na mtu aifuataye mpaka huko hukuta ajabu isiyo ndogo, kwamba katika nchi kame ya migunga na mibuyu, ambayo mfugaji wa Kajiado angeitambua mara moja kuwa ina tabia za kwao, hustawi mizabibu, na baadhi ya mizabibu hiyo asili yake ni mabonde ya kaskazini ya Italia. Mvinyo mwekundu uuzwao madukani Kitengela aghalabu hutoka Afrika Kusini au ng'ambo ya bahari, na mnunuzi huyasoma majina ya mbali pasipo kujua kwamba baadhi yake yamekwisha kushika mizizi katika Afrika ya Mashariki. Naona ni hasara kwa jirani kutoijua fahari ya jirani yake.

Zabibu haikuwa mmea wa Wagogo, wenyeji wa Dodoma, tangu kale. Ililetwa mwaka 1957 na wamisionari wa Kikatoliki waliokaa Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, watu ambao ibada yao haitimii bila ya divai. Kisha ikatoka katika ua wa kanisa ikaingia katika mashamba ya wanavijiji. Kituo cha utafiti cha Makutupora kikachukua kazi ya kuichunguza, na jina la mahali hapo likapewa zabibu nyeusi ambayo hata leo ndiyo tegemeo la wakulima wengi wadogo. Dodoma iko juu ya bahari kwa kadiri ya mita 1,100, mvua yake kwa mwaka haifiki milimita 600 katika miaka mingi, na nyingi ya hiyo hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukame huo, ambao kwa mahindi ni balaa, kwa mzabibu ni afya, maana ukungu unaoharibu majani na vichala hupenda unyevu.

Msomaji ambaye dini yake imemharamishia kileo, na katika pwani yetu na hapa Kitengela wapo wengi, hatapungukiwa na kitu kwa kujua jinsi zabibu inavyogeuzwa mvinyo, kwa kuwa kilimo ni kilimo na riziki ya mkulima ni jambo letu sote. Zabibu nyeusi ikikamuliwa, maji yake kwa kawaida hayana wekundu. Rangi yote imo katika ganda. Basi mtengenezaji wa mvinyo mwekundu huziponda zabibu, akayaacha maji, maganda na kokwa pamoja kwa siku kadhaa, na katika muda huo hamira huigeuza sukari kuwa kileo, na kileo nacho huivuta kutoka gandani rangi pamoja na ule ukakasi unaoukaza ulimi. Baada ya hapo ndipo hukamua na kuchuja. Atakaye mvinyo mweupe huyatenga maganda mapema.

Sasa twende Italia. Katika jimbo la Trentino, chini ya milima ya Alps, upo uwanda wa changarawe uitwao Campo Rotaliano, mahali ambapo mto Noce huungana na mto Adige, na hapo ndipo nyumbani kwa zabibu iitwayo Teroldego, yenye mvinyo wa rangi ya zambarau iliyokoza, ambao jina lake lilipewa hifadhi ya sheria mwaka 1971. Kusini kidogo, katika bonde la Vallagarina, hulimwa Marzemino, zabibu ambayo Mozart aliipa umaarufu usiokufa alipoitaja katika karamu ya mwisho ya opera yake Don Giovanni, iliyochezwa Prague kwa mara ya kwanza mwaka 1787. Wachunguzi wa nasaba za mimea wamegundua kwamba Teroldego ni ndugu, wa baba mmoja na mama mmoja, wa zabibu ya Ufaransa iitwayo Dureza, na Dureza ndiye baba wa Syrah, zabibu mashuhuri ya dunia nzima. Kwa hiyo Teroldego ni ami wa Syrah. Na aila hii iliyotawanyika milimani Ulaya imekutana tena Hombolo, katika wilaya ya Dodoma, ambako Waitalia walioanzisha kiwanda cha mvinyo cha CETAWICO walipanda Teroldego, Marzemino na Syrah pamoja.

Lakini mzabibu wa Trentino na mzabibu wa Hombolo, ingawa ni damu moja, haiishi maisha mamoja. Kule Italia baridi kali huuvua majani na kuulaza miezi mingi, na mavuno ni mara moja tu, mwisho wa kiangazi. Dodoma haina majira ya baridi ya namna hiyo, na mmea usiolazwa hutaka kuota daima, ukachoka na kuzaa ovyo; basi ni mkulima mwenyewe, kwa mkasi wake, anayeuamuru usingizi na kuamka. Huunyima maji, akaupogoa matawi mpaka kubaki vishina vifupi, na baada ya siku chache macho yake hufumbuka, yakatoa machipukizi na maua, na tangu siku ya kupogoa hesabu ya mavuno huanza. Kwa ustadi huo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Februari na Machi, kisha mwezi wa Agosti na Septemba. Mavuno ya kiangazi ndiyo bora kwa mvinyo mwekundu, kwa sababu mvua haiji kuzijaza zabibu maji na kuzipunguzia sukari. Jua kali, hata hivyo, hula uchachu wa tunda, na mtengenezaji sharti achague siku ya kuvuna kwa uangalifu mkubwa. Naye mkulima hana budi kuilinda miche na mchwa, ambao katika udongo ule ni adui asiyelala.

Taabu iliyo kubwa zaidi si mchwa, ni soko. Zabibu iliyoiva haingojei mtu. Isipokamuliwa upesi huoza, na mkulima asiye na ghala la baridi hulazimika kukubali bei yoyote anayotajiwa na mnunuzi aliyekuja. Ndiyo maana wakulima walio na uwezo, na vyama vyao vya ushirika, wameona heri kuikamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, ambao ukihifadhiwa vizuri hukaa. Hata hivyo, mchuzi nao huhitaji matangi, na matangi huhitaji fedha. Na kwa miaka mingi wamelalamika kwamba viwanda havichukui mazao yao yote. Mimi naamini kwamba kila kiwanda kinachojengwa kati ya mashamba ni auni kubwa kuliko mashauri mia ya kilimo.

Huenda mkulima wa Kajiado akauliza: je, nasi tunaweza? Naivasha imekwisha kujibu kwa upande wa Kenya, kwa mvinyo wake uitwao Leleshwa, kwa jina la kile kichaka cha majani ya kijivu yenye kunukia ambacho Wamaasai wa huku kwetu wanakijua na kujifukizia. Lakini nyanda za Kitengela na Isinya nyingi ni udongo mweusi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua, na mzabibu huchukia miguu yake kulowa. Atakayejaribu na atafute mteremko wa kokoto au udongo mwekundu, apime kwanza maji ya kisima chake kama yana chumvi, na aende Makutupora kuuliza kabla hajanunua mche hata mmoja. Naye anunuaye mvinyo, basi na amwombe mwenye duka amletee wa Dodoma, kwa kuwa bidhaa isiyoulizwa na mtu dukani haiagizwi.