GESI YA KUCHEKESHA ISIYO NA MZAHA

Mtu akitaja uchafuzi wa hewa, wengi wetu huwaza moshi mweusi wa matatu na lori kuukuu. Wenye kusoma zaidi hutaja kaboni dioksaidi. Lakini kuna gesi nyingine ambayo haina moshi wala rangi, nayo inaharibu kimyakimya. Jina lake ni naitrasi oksaidi, yaani N2O. Ningependa tuitazame gesi hii na jinsi nchi moja, Uingereza, ilivyoipunguza kwa zaidi ya nusu tangu mwaka 1990. Humo mna funzo kwetu pia.

Kwanza tuijue. Sisi wa kidato cha tatu tunakutana nayo katika somo la Kemia, kwenye mada ya naitrojeni. Ni gesi yenye harufu tamutamu, na ukiingiza kijiti chenye kaa jekundu ndani yake, kijiti huwaka tena. Mwaka 1799 mwanasayansi Humphry Davy aliivuta mwenyewe kule Bristol akajikuta anacheka ovyo, na ndiyo sababu ikaitwa gesi ya kuchekesha. Baadaye madaktari wa meno wakaitumia kupunguza maumivu ya wagonjwa.

Sasa ubaya wake uko wapi? Kilo moja ya gesi hii, ikipimwa kwa muda wa miaka 100, huzuia joto la dunia lisitoke zaidi ya mara 250 kuliko kilo moja ya kaboni dioksaidi. Tena haiondoki upesi, kwani hukaa angani kwa zaidi ya miaka 100. Hewa inayotoka leo wataivumilia wajukuu wa wajukuu wetu. Ikifika juu kabisa, hushambulia tabaka la ozoni linalotukinga na miale mikali ya jua. Kabla ya enzi za viwanda, katika kila sehemu bilioni moja za hewa, sehemu 270 hivi zilikuwa za gesi hii. Siku hizi zimepita 335. Si mchezo!

Hebu sasa twende Uingereza. Ukiuchora mchoro wa gesi hii iliyotoka nchini humo tangu mwaka 1990, utaona mstari unaoteremka. Lakini hauteremki sawasawa kama barabara ya mlimani. Karibu na mwaka 1998 na 1999 unaporomoka ghafla kama mtu aliyekosa ngazi, halafu baada ya hapo unateremka polepole mno. Kwa nini?

Jibu la poromoko hilo liko Wilton, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Hapo palikuwa na kiwanda cha asidi ya adipiki, ambayo hutumiwa kutengenezea nailoni ya kamba, nguo na hata nywele za mswaki. Ili kupata asidi hiyo hutumika asidi ya naitriki, na naitrasi oksaidi hutoka kama taka. Kwa miaka mingi taka hiyo iliachwa ipande angani. Mwaka 1998 kiwanda kikafungiwa mtambo wa kuivunjavunja kwa joto kali kabla haijatoka. Mtambo mmoja tu, na mchoro wa nchi nzima ukabadilika! Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2009. Viwanda vya asidi ya naitriki navyo vilifungiwa vichocheo vya kuiharibu gesi hii.

Basi kwa nini mstari haukuendelea kuporomoka? Kwa sababu iliyobaki sasa hutoka mashambani kuliko mahali pengine popote. Mkulima akitia mbolea ya naitrojeni au samadi, mimea hula sehemu tu. Nyingine huliwa na bakteria wa udongoni. Mvua kubwa ikinyesha na udongo ukijaa maji, bakteria hukosa hewa, kwa hivyo huinyang'anya naitreti oksijeni yake, na naitrasi oksaidi huponyoka. Hapo hakuna bomba la moshi ambalo fundi anaweza kulifunga mtambo. Kila shamba linatoa kidogo, na wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Waingereza wamepunguza kwa kutumia mbolea chache kuliko walivyotumia katika miaka ya 1980, lakini mwendo ni wa kinyonga.

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana, kwa sababu hapa kwetu hakuna kiwanda kama kile cha Wilton. Gesi yetu hutoka hasa kwenye udongo na samadi ya mifugo. Kwa hivyo sisi tunaanzia pale ambapo wao wamekwama.

Lakini tusikimbilie kusema mkulima aache mbolea. Mashamba mengi ya Afrika yana njaa ya mbolea. Ndiyo maana mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikutana Abuja wakaazimia kufikia kilo 50 za virutubishi kwa kila hekta, huku wakulima wengi wakitumia chini sana ya hapo. Bila mbolea mahindi yatakuwa membamba kama vidole, na tutakula nini?

Jambo la maana ni mbolea iingie kwenye mmea, isiingie hewani. Njia zipo na hazihitaji pesa nyingi. Mkulima apime kwa kifuniko cha soda kila shina badala ya kumwaga kwa mkono. Mbolea ya kukuzia aigawe mara mbili, na asiitie siku ambayo mawingu yametanda kwa mvua kubwa. Apande maharagwe pamoja na mahindi, kwani mizizi ya maharagwe hujitengenezea naitrojeni. Samadi nayo aichimbie ardhini mapema badala ya kuiacha juani.

Gunia la mbolea tunajua bei yake. Kila chembe inayogeuka gesi ni shilingi ya mzazi iliyopaa, na bado itaendelea kuipasha dunia joto kwa zaidi ya karne nzima. Wanafunzi wenzangu, likizo ikifika na jembe likitungoja nyumbani, tuwaeleze wazazi wetu somo hili la Kemia. Mtihani si lazima uwe wa karatasi tu.