Kabla ya Kikundi Kununua Sufuria ya Chuma

Vikundi vingi vikianza mradi wa kukodisha vyombo kwa arusi na matanga, hununua viti na hema, kisha inafika zamu ya sufuria kubwa. Hapo ndipo ubishi huanza. Wengine wanataka nyepesi ya bei nafuu, wengine wanasema tununue ile nzito ya chuma mara moja tusahau. Sisi tuko upande wa chuma, lakini iwe chuma kweli, na iwe nzima. Pesa ya kikundi ni jasho la watu wengi.

Sufuria tunayozungumzia ni ile ya chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa ndani ya kalibu. Nyingine zina miguu mitatu na mkono wa waya mnene, kama zile zinazopendwa sana Afrika Kusini, na hizo hazihitaji mafiga. Huchelewa kupata moto, ni kweli, lakini ikishapata haipoi upesi; githeri itaendelea kutokota kwa makaa tu. Tena chuma kidogo huingia katika chakula. Utafiti wa Ethiopia uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika sufuria za chuma waliongezeka damu kuliko wale waliopikiwa katika za alumini. Hata hivyo, mwenye upungufu wa damu aende kliniki.

Mkienda sokoni, bebeni sumaku. Hata ile ya spika ya redio mbovu inatosha. Sumaku hunata kwenye chuma, kwenye alumini hainati. Karai la bati la chuma nalo litanasa sumaku, lakini wembamba wake mtauona kwa macho. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu kuna sufuria nene zinazomiminwa kwa alumini ya vyuma chakavu: vipande vya injini, rejeta na mabaki mengine. Ikipakwa rangi nyeusi, mtu anaweza kuuziwa kama chuma. Vyuma chakavu vya aina hiyo vinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hutoka polepole na kuingia katika chakula, hasa chenye uchachu kama nyanya. Risasi haionekani wala haina ladha, na huharibu ubongo wa mtoto. Hatuwalaumu mafundi wa jua kali, maana fundi mwenyewe mara nyingi hajui kilichomo ndani ya mzigo wa chuma chakavu alionunua. Uzito nao utawasaidia: chuma ni kizito zaidi ya mara mbili na nusu kuliko alumini ya ukubwa uleule.

Sumaku ikinasa, inueni sufuria kwa mkono wake, isiguse chini, muigonge kwa kijiko. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa sauti iliyokufa, kama mtu amegonga ubao. Muuzaji akikataa isigongwe, twendeni zetu.

Kisha ombeni maji. Jazeni hadi karibu na mdomo, muikalishe mahali tambarare. Miguu mitatu haiyumbi, lakini mguu mmoja ukiwa mfupi sufuria huinama, na maji yataonyesha. Ngojeni kidogo, mpapase chini kwa mkono mkavu. Tundu dogo likizibwa kwa gundi na rangi, moto utalifungua siku ya kwanza tu. Ndani pakiwa na ukwaruzo mdogo si neno. Mashimo ya kuingia ukucha, hapana. Pimeni pia ujazo kwa mtungi. Namba iliyoandikwa ubavuni si lita: namba 3 ya miguu mitatu hubeba karibu lita 8.

Mkifika nyumbani msipike mara moja. Iosheni kwa maji ya moto na sabuni, muikaushe juu ya moto, mpake mafuta ya kupikia yasiyo na chumvi, kidogo sana, ndani na nje. Ichomeni mpaka iache kutoa moshi. Rudieni mara tatu au nne hadi iwe nyeusi ya kung'aa. Mafuta hayo yaliyoungua ndiyo ngozi yake. Ndiyo maana mchuzi wa nyanya au ukwaju usilale ndani, na baada ya kuoshwa ikaushwe pale pale na kupakwa mafuta.

Kutu si mwisho wa sufuria. Sugueni kwa mchanga, muanze upya kuichoma na mafuta. Ufa ndio hauna dawa, maana chuma hiki ni kigumu kuchomelea. Anayekodisha aambiwe asimwage maji baridi katika sufuria yenye moto, na ikirudi, igongeni tena akiwa hapo kabla mweka hazina hajamrudishia dipoziti yake.